Shokapu za mbele Corolla 110 zimechoka, nataka kubadili mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

GobaNdani

Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, nimeinunua mkononi kwa mtu na injini haina tatizo kabisa, tatizo liko chini mbele. Nikipita tuta inagonga gogogo hasa upande wa kushoto, nikishika breki pua inainama mpaka abiria anashika dashibodi, na nikifika themanini barabara ya Bagamoyo gari inaelea elea haishiki njia. Tairi za mbele zimelika kwa mawimbi, ukipitisha kiganja unayasikia kabisa. Nakaa Goba ndani ndani huku, kutoka kwangu mpaka lami ni makorongo matupu na masika ya mwaka huu ndo yamemalizia.

Nimepeleka gereji moja, fundi kachungulia tu bila hata kuinua gari, kasema shokapu zote nne, mauntingi zote, bushi, linki, boljointi, tairodi, vyote vitoke. Hela aliyotaja sina, na hata ningekuwa nayo sijaridhika maana hajapima kitu.

Nina jeki ya magurudumu ya tani mbili, stendi mbili, boksi spana kamili na mpini mrefu, uwani nimemwaga zege. Breki pedi na oili huwa nabadili mwenyewe. Naombeni mnijuze, shokapu za mbele mtu anaweza kubadili nyumbani? Ninunue mpya au mtumba wa Japani? Na za nyuma ni lazima zitoke siku hiyo hiyo?

SinzaMori

Mkuu tafuta fundi mwingine umpelekee tu. Ile springi ikifyatuka haichagui sehemu ya kupiga.

Fundi wa Tabata

GobaNdani umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa. Jibu langu fupi, kutoa na kurudisha shokapu nyumbani inawezekana kabisa, kuhamisha springi kutoka shokapu ya zamani kwenda mpya ndo sikushauri, hilo nitalirudia baadae. Ila kabla hujanunua chochote thibitisha ugonjwa, kwasababu hapa mjini watu wanabadili shokapu kila siku halafu mlio unabaki palepale.

Kwenye hizi 110 ule mlio wa gogogo kwenye matuta madogo na kwenye rasta mara nyingi sana ni linki za stabilaiza, zile fimbo fupi mbili zinazounganisha stabilaiza, ile fimbo ndefu inayozuia gari isilale kwenye kona, na huku chini kwenye tairi. Ni spea ya bei ndogo na unaibadili uwani bila presha. Shokapu iliyochoka kazi yake ni kukunesesha na kukuelea elea, kugonga inakuja pale imekwisha kabisa au mauntingi ya juu, kile kiti cha raba na beringi kinachoshika shokapu kwenye bodi, imepasuka.

Pima hivi. Gari ikiwa imesimama chini sukuma kona ya mbele kwa uzito wako wote mara kadhaa kisha iachie. Inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikiendelea kunesa, shokapu hiyo haishiki tena. Kipimo hiki kina udhaifu wake, shokapu inaweza ikafaulu hapo na bado ni mbovu kwenye spidi, lakini ikifeli hapo haina mjadala. Halafu geuza usukani wote upande mmoja uone shokapu yenyewe. Unyevunyevu kidogo juu karibu na sili ni kawaida kwa shokapu ya zamani, ila ukiona oili imetiririka mpaka kwenye kikombe cha springi na vumbi limegandamana humo, imeshakufa. Angalia na ule mpira wa vumbi, ukichanika tu mchanga wa huku kwetu unaingia kwenye ile fimbo inayong'aa na unakula sili.

Mauntingi ya juu unaipima kwa sikio na mkono. Fungua boneti, mtu ageuze usukani gari ikiwa imesimama, wewe weka mkono juu ya springi. Ukisikia springi inajikunja halafu inaruka twaang, ile beringi ya juu imekwama. Mwisho inua gari, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini tazama boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma huku chini, na beringi ya habu, pale tairi linapofungwa, ikicheza kushoto na kulia tazama tairodi, ile fimbo ya usukani. Linki za stabilaiza mimi napenda kuzishika kwa mkono gari ikiwa na uzito wake chini, mtu mwingine akiitikisa, maana ukiinua upande mmoja stabilaiza inajivuta na linki mbovu inaweza kukaa kimya.

Pima vyote, andika, halafu rudi hapa.

Mchaga wa Kimara

Kuna njia rahisi zaidi kaka. Nenda kawekewe zile rubber za kwenye springi, gari inapanda juu inakuwa ngumu, kwa barabara za huko Goba utafurahi. Au kuna mafundi wanatoboa shokapu wanajaza oili upya wanachomelea, bei chee kabisa. Nyumba nzima ya mjomba wangu wanafanya hivyo.

Fundi wa Tabata

Hapana Mchaga, samahani ndugu yangu lakini hili siwezi kulipita kimya.

Anayebeba gari ni springi. Shokapu haibebi gari, yenyewe inaituliza springi isiendelee kuruka. Ndani yake kuna pistoni inapita kwenye oili kupitia vitundu na vali ndogo, ile nguvu ya kuruka inageuka joto, ndo maana ukitoka rafu rodi ndefu ukigusa shokapu nzima unaikuta ina joto. Sasa ukiweka rubber kati ya pete za springi umezuia zile pete zisifanye kazi, springi iliyobaki fupi inakuwa ngumu, na springi ngumu inataka shokapu yenye nguvu zaidi, siyo ile iliyokufa. Gari itapanda, ndiyo, lakini itaruka vibaya kuliko mwanzo, na pete za jirani na ile rubber zinabeba mzigo wote. Springi nyingi zilizokatika nilizotoa zimekatikia pembeni ya rubber.

Hiyo ya kutoboa na kujaza, oili ya shokapu ina uzito wake maalum na nyingine zina gesi ndani, ukijaza oili yoyote kwa kukisia na sili ile ile iliyokula mchanga imebaki, itavuja tena. Na lile bomba limechomelewa. Kwenye gari kama 110 shokapu ya mbele ndo inayoshikilia tairi lisimame wima, siyo sehemu ya kuchomelea ovyo. Tafadhali msimshauri mtu mwenye familia.

GobaNdani

Nimepima leo asubuhi na kijana wangu. Matokeo ni haya. Kona ya kushoto mbele inanesa haina hata aibu, oili imetiririka mpaka kwenye kikombe, mpira wa vumbi umechanika umebaki kipande. Kulia inanesa kidogo, oili hakuna, ila mpira wa vumbi haupo kabisa. Linki za stabilaiza zote mbili zina mchezo, ya kushoto unaisikia kwa mkono. Mauntingi ya kushoto inalia ile twaang. Boljointi, tairodi na beringi za habu ziko kimya, haichezi kitu. Nyuma zote kavu na zinatulia.

Kwa hiyo kumbe nusu ya ile orodha ya gereji haihitajiki.

Dada Kigamboni

Hongera kaka kwa kupima. Mimi nina Spacio, nilipitia hilo la mpya au mtumba, acha nikueleze nilivyofikia uamuzi, mwenzako nimezunguka sana Gerezani na Ilala Shauri Moyo.

Mtumba wa Japani unauzwa ukiwa kamili, yaani shokapu na springi yake na mauntingi yake juu, vimefungwa kama vilivyotoka kwenye gari. Uzuri wake mkubwa ni huo, hugusi springi, unatoa nzima unaweka nzima. Ubaya wake hujui imetembea kiasi gani, gari nyingi zinazokatwa spea kule nazo ni za zamani, na kule wanakopata theluji barabara zinamwagwa chumvi kwa hiyo unakuta chini pameliwa na kutu. Tena ikiwa na springi huwezi kuisukuma kwa mkono ukaipima kama inashika, springi ina nguvu kuliko wewe. Unachoweza ni kuangalia. Pandisha ule mpira wa vumbi juu uone fimbo, iwe inang'aa haina vidoa vya kutu wala mikwaruzo, pasiwe na oili, geuza mauntingi kwa mkono uone inazunguka laini, tazama raba yake haijapasuka, na tazama kikombe cha springi chini hakijaliwa. Muuzaji asiyekuruhusu kupandisha mpira wa vumbi mwache na mzigo wake.

Mpya inakuja peke yake bila springi, inabidi springi na mauntingi vihame kutoka ya zamani. Ukipata Kayaba halisi zinadumu, wengine wanaandika KYB, ni kampuni hiyo hiyo ya Japani. Lakini feki zipo nyingi na boksi linafanana, nunua kwa mtu anayekupa risiti na ambaye kesho utamkuta. Shokapu mpya mkononi inakuwa nzito, fimbo ukiisukuma inaingia taratibu kwa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho, ukisikia sehemu inadumbukia yenyewe rudisha.

Mimi nilichukua mpya mbele. Nakaa karibu na bahari, nikikaa vibaya kila kitu ni kutu, sikutaka nifungue mara mbili.

Na ukienda dukani usiseme tu Corolla 110. Piga picha kibati cha chasisi kwenye boneti, kinaanza AE110 kwa injini yako, maana kuna EE111 na nyinginezo na springi hazifanani uzito. Kushoto na kulia nazo hazifanani, zile pembe za kushikia paipu ya breki zinatazama tofauti. Hakikisha umepewa moja ya kushoto na moja ya kulia, wauzaji wenye haraka wanakupa zote za upande mmoja.

GobaNdani

Asante sana dada, hilo la pande sikulijua. Naona nielekee kwenye mpya, mbele zote mbili, na mauntingi mpya na mipira ya vumbi na linki. Nyuma niache. Fundi wa Tabata, sasa nieleze hatua za kutoa na hiyo habari ya springi.

Fundi wa Tabata

Sawa. Zote mbili mbele ni uamuzi sahihi, usije ukaweka mpya kushoto na ya zamani kulia, gari itavuta na kwenye breki ya ghafla upande mmoja utashika kuliko mwingine. Nyuma zikiwa kavu na zinatulia zinasubiri, ila ujue kwenye 110 ya boneti na buti siku ukizibadili nati za juu za nyuma ziko ndani, inabidi utoe siti ya nyuma na zile kava za pembeni.

Siku moja kabla, safisha kwa brashi ya waya zile bolti mbili kubwa za chini na uzipulizie WD-40 au upake dizeli zilale hivyo usiku, ila usiruhusu iguse diski wala pedi.

Gari iwe kwenye zege, sio mchanga, handibreki juu, gia namba moja, tairi za nyuma ziwekee magogo ya mbao mbele na nyuma. Legeza nati za tairi, hizo ni namba 21, gari ikiwa bado chini. Inua, weka stendi mbili kwenye sehemu zake nyuma ya matairi ya mbele, shusha jeki mpaka gari ikae kwenye stendi, isukume uone haitikisiki. Ndo uingize mkono. Naona watu wengi hapa mjini wanategeshea gari juu ya tofali la saruji, tofali linasagika ghafla bila kutoa ishara, nimeshaona gari imelala kwenye diski na mtu alikuwa ametoka chini muda huo huo. Tairi ulilotoa lisukume chini ya ubavu wa gari liwe akiba.

Kwa shokapu yenyewe, anza na linki ya stabilaiza kama imefungwa kwenye shokapu, itoe. Kisha ile bolti inayoshikilia paipu ya breki kwenye shokapu, na waya wa ABS, zile breki zinazozuia tairi zisijifunge, kama gari inayo. Paipu ya breki isibebe uzito wa kitu chochote. Hapo piga rangi au chora kwa msumari mstari kuzunguka vichwa vya zile bolti mbili kubwa na mahali shokapu inapokutana na kile chuma kinachobeba habu, usaidie kurudi karibu na palepale, japo shokapu mpya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, utafanya tu. Shika kichwa cha bolti kwa spana, zungusha nati kwa mpini mrefu, mara nyingi ni 17 au 19. Nati zikitoka bolti usizitoe kwanza.

Nenda juu kwenye boneti, kuna nati tatu ndogo namba 14 zinazunguka mauntingi. HIZO TATU TU. Ile nati kubwa ya katikati USIIGUSE. Hiyo ndo imeshika springi, ukiifungua springi inatoka na kila kitu kilicho mbele yake. Mbili zitoe, ya tatu iache imeshika kwa nyuzi chache.

Rudi chini, weka jeki chini ya ule mkono wa chuma unaoshikilia habu kwa chini, ibebe kidogo, gonga zile bolti zitoke, sukuma shokapu itengane na chuma cha habu. Hapa ndo wengi wanaharibu, ile habu ikiachwa ianguke nje inavuta paipu ya breki na inaweza kuchomoa drive shafti, ile fimbo inayozungusha tairi, kwa ndani kwenye gia boksi. Ifunge na waya wa kufungia nondo kwenye kitu imara ibaki imesimama. Sasa mtu ashike shokapu huku unatoa nati ya tatu, inatoka yote nzima chini. Upande mmoja kwanza, ukamilike, ndo uende wa pili, ili wa pili uwe mfano wako ukisahau kitu.

Umeshazitoa hapo. Springi usiihamishe nyumbani. Vile vibano viwili vya kubania springi vya kukodi, vyenye nyuzi ndefu, vingi vimechakaa, ndoano zake zinateleza kwenye springi yenye vumbi la oili, na springi ya mbele ya gari inabeba mamia ya kilo. Wewe una jeki na stendi nzuri, hongera, ila hiki ni kifaa kingine. Beba shokapu zako za zamani zikiwa nzima na mpya zako, na mauntingi, nenda Gerezani au Ilala kuna mafundi wana mashine ya kubania springi iliyofungwa mezani, wanahamisha hapo hapo na wewe umesimama unaangalia. Ufundi wa hapo ni hela kidogo.

SinzaMori

Hapo umenitoa wasiwasi mkuu. Ukifanya hivyo mimi pia nitajaribu kwa Carina yangu.

Mzee wa Magomeni

Nimesoma yote vijana wangu, nimefurahi. Niongeze machache.

Sisi zamani tukiziita shokomzoba na wazee wengine mpaka leo hawajui jina lingine. Mtindo huu wa mbele mlionao, shokapu na springi pamoja kwenye mti mmoja uliosimama, unaitwa MacPherson, jina la injinia Mmarekani aliyekuwa kampuni ya Ford, na Ford Consul na Zephyr za Uingereza za mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndo zilizousambaza. Kabla ya hapo shokapu ilikuwa kitu cha pembeni tu, ukiitoa tairi linabaki limesimama. Kwenye mti wa MacPherson shokapu ni mfupa wenyewe. Fimbo ikilegea mchezo unaenda moja kwa moja kwenye usukani na kwenye pembe ya tairi. Ndiyo maana fundi wa Tabata amekataa kuchomelea, na ana haki.

Ukiwa kwa mwenye mashine ya springi usiende kunywa chai. Angalia haya. Kabla ya kufunga, shokapu mpya isimamishwe wima na isukumwe taratibu mpaka chini na kuvutwa juu mara kadhaa, maana zimelala dukani na hewa imeingia sehemu ya oili. Ile fimbo inayong'aa isishikwe kwa plaizi kamwe, alama moja ya meno inakata sili ndani ya miezi. Fimbo ina tundu juu la kushikia kwa aleni kii au imechongwa, ishikwe hapo. Mwisho wa springi chini ukae kwenye kishimo chake kwenye kikombe, usipande juu ya ukingo. Kile kikombe cha juu kina neno OUT limeandikwa, litazame nje ya gari. Mpira wa kuzuia kugonga uwemo, mafundi wenye haraka wanausahau na ukianguka kwenye shimo shokapu mpya inapigwa chuma kwa chuma. Nati ya katikati iwe mpya ikija na shokapu.

GobaNdani

Shikamoo mzee, asante sana. Nimeandika yote. Maswali mawili ya mwisho. Nakaza vipi bila spana ya kupimia nguvu ya kukaza? Na alaimenti nifanye siku hiyo hiyo au nisubiri springi zikae?

Mzee wa Magomeni

Marahaba mwanangu. Nati tatu za juu ni ndogo, zikaze kwa racheti fupi kwa nguvu ya kiwiko tu, mwenye mpini mrefu anakata stadi hapo. Bolti mbili za chini ni kinyume chake, ndo zinashika tairi na zinataka nguvu sana, mpini mrefu na uzito wako. Ila kwa sababu tairi linategemea hizo mbili mimi ningekushauri uazime spana ya kupimia kwa siku moja, na kipimo cha gari lako ukichukue kwenye kitabu cha 110, usichukue cha gari la jirani.

Fundi wa Tabata

Naongezea hapo kwa mzee. Linki za stabilaiza kama zako ni za bushi za raba usizikaze mwisho tairi zikining'inia, shusha gari ikae na uzito wake ndo umalizie, raba ikikazwa imejikunja inachanika mapema. Za boljointi ndogo hazina shida hiyo. Kabla hujawasha hesabu nati zote, hakikisha paipu za breki zimerudi kwenye pembe zake hazijajipinda, geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone paipu haivutwi wala haigusi tairi. Kanyaga breki mara kadhaa ikae kawaida.

Alaimenti usisubiri wiki. Zunguka mtaa taratibu, pita matuta machache zikae, rudi uangalie tena bolti za chini, kisha siku hiyo au kesho yake uende. Sehemu ya alaimenti waambie wapime na pembe ya kulala kwa tairi, wasipime kuelekea kwake tu, kwasababu ulipofungua zile bolti mbili za chini ndo pembe hiyo inapobadilikia. Zile tairi zilizolika mawimbi zitaendelea kupiga kelele hata shokapu zikiwa mpya, usije ukadhani umefunga vibaya. Zihamishie nyuma ukiona bado zina uzi, au zitoe kabisa kama zimefika kwenye alama.

Dada Kigamboni

Na zile za zamani usimwachie mwenye mashine hapo hapo, wapo wanaozipaka rangi nyeusi zinarudi mezani. Mimi niliondoka nazo.

GobaNdani

Nimepata. Jumatano natoka kazini mapema napita Shauri Moyo na picha ya kibati, Ijumaa usiku napaka dizeli, Jumamosi alfajiri naanza na kushoto, na kijana wangu atashika taa. Spana ya kupimia nimeshapata kwa jirani anayefunga jenereta. Kuna mtu anajua fundi wa mashine ya springi anayefungua Jumamosi asubuhi upande wa Ilala? Nisije nikatoa shokapu nikakuta kafunga.

Fundi wa Tabata

Jumamosi wengi wanafungua, ila Jumatano ukienda kununua mpitie kabisa huyo wa mashine uongee nae, uone vibano vyake viko vizima na umwachie namba. Ukiona ndoano zimechakaa nenda kwa jirani yake.